Kurasa Kumi za Madamu Soma Tena

Wanafunzi walimwita Soma Tena, na wala hawakumsingizia. Ukisoma vibaya, alikwambia soma tena. Ukisoma vizuri, alikwambia soma tena, safari hii kama mtu anayejua anachokisema. Hata wale waliokwisha kumaliza chuo na kupata kazi zao, wakikutana naye barabarani walijikuta wananyoosha migongo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye hasira za karibu na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Jina hilo alilijua vizuri, akajifanya halijui.

Kazi yake ilikuwa kufundisha kusoma na kuandika Kiingereza katika chuo cha wauguzi wasaidizi. Kwenye ratiba somo liliitwa Kiingereza cha Msingi. Wanafunzi wa madarasa ya mbele waliliita chekechea. Darasa lenyewe lilikuwa stoo ya zamani nyuma ya jengo, na vitanda viwili vya chuma vilivyovunjika miguu vilikuwa bado vimeegemezwa ukutani, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuja kuulizwa vimekwenda wapi. Humo waliketi watu wazima, wengine wana watoto wanaokwenda shule, wote wana vyeti vya sekondari, na wengi wao hawakuweza kusoma ukurasa mmoja wa Kiingereza wakakwambia umesema nini.

Sasa usiniulize vyeti walivipataje. Unajua, nami najua. Mtu anakariri jibu zima, anaingia kwenye mtihani amelibeba kichwani kama ndoo ya maji, anatembea taratibu lisimwagike, analimimina kwenye karatasi, anatoka mtupu. Anapewa cheti, anapiga picha, shangazi zake wanapiga vigelegele. Lakini wodini mambo si hayo. Kadi ya mgonjwa, maandishi ya chupa, ripoti ya zamu, vyote ni Kiingereza, na kila siku vinakuja vipya.

Kwa hiyo chuo kiliweka sheria. Mwisho wa muhula kila mwanafunzi wa chekechea aliingia peke yake mbele ya walimu wawili, akapewa ukurasa mmoja, akausoma kwa sauti hadi mwisho, kisha akaandika kwa maneno yake ulichosema. Aliyefaulu alikwenda wodini kwa mafunzo. Aliyefeli alifungasha akarudi kwao, na kama bado anaitaka kazi hiyo, aje aanze upya na kundi la mwaka unaofuata. Sheria nzuri kabisa. Tatizo ni kwamba kitabu cha somo kilikuwa na kurasa kumi za kusoma, na tangu enzi za walimu waliomtangulia Soma Tena, ukurasa wa mtihani ulitoka katika kumi hizo. Kila mtu alijua. Wanafunzi waliziita kumi za dhahabu, na walizikariri zote.

Na namna ya kuzikariri ilikuwa hiihii ya darasani: kusoma kwa pamoja. Alikuwapo kijana mmoja waliyemwita Redio, kwa sababu akiwashwa hazimiki. Redio alianza mstari, darasa zima likadaka nyuma yake, ukuta ukarudisha, na mpita njia angesema hapa kuna wasomi. Soma Tena aliupenda mwimbo huo kuliko alivyokuwa tayari kukubali. Ulimpa matokeo mazuri kila mwaka, na kila mwaka naibu mkuu wa chuo alimshika mkono akamwambia, "Mwalimu, darasa lako halituangushi."

Mwaka huo katika kiti cha mbele aliketi wifi yake.

Hapo ndipo hadithi inapouma. Wifi alikuwa dada mkubwa wa mume wake, mwanamke mrefu, mwenye mvi pembeni mwa uso na sare iliyonyooka kana kwamba imepigwa pasi akiwa ameivaa. Mama yao alipofariki, ni yeye aliyeacha shule akabaki nyumbani kuwalea wadogo zake, na wa mwisho wao ndiye mume wa Soma Tena. Alimwogesha, alimlisha, alimsindikiza shuleni mpaka akawa mhasibu anayevaa tai. Wadogo wote walipoota mbawa, yeye akaenda masomo ya jioni, akapata cheti, akatangaza kwamba ile ndoto yake ya uuguzi haijafa, ilikuwa imelala tu. Familia nzima ilichangamka. Akaja kukaa kwa mdogo wake kwa ajili ya chuo, na kuanzia siku ya pili jiko likawa lake.

Nyumbani, wifi ndiye aliyeamua sufuria gani inakaa wapi. Darasani, ilimbidi asimame amwite mke wa mdogo wake "Madamu," na alilitamka neno hilo kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Jioni, njiani kurudi, alimlipizia. "Mke wetu, leo umenifokea mbele ya watoto wadogo. Subiri tufike, utaosha vyombo mwenyewe." Wakacheka wote wawili. Walipendana, usidhani hawakupendana.

Basi asubuhi moja Redio alikuja na mafua, sauti imekauka kabisa. Soma Tena akaagiza ukurasa wa tisa, ule wa mtoto mwenye homa. Darasa likafungua vitabu. Kimya. Wote wanamtazama Redio, na Redio anaonyesha koo lake kwa kidole.

"Kwani mnasoma kwa koo la Redio?" Soma Tena akauliza. "Haya, mbele hapa. Tusomee."

Wifi akasimama, akakishika kitabu vizuri, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akasoma. Alisoma vizuri mno. Alipumua penye nukta, alipandisha sauti penye swali, kidole kikasafiri, kikashuka mstari, kikasafiri tena. Wenzake wakafuatisha kwa vidole vyao, wakitikisa vichwa. Ila alichokuwa anasoma ni ukurasa wa nne, wa kunawa mikono. Kitabu kilikuwa wazi mbele yake kwenye ukurasa wa tisa, na picha ya mtoto mwenye homa ikimtazama.

Soma Tena alikiangalia tena kitabu chake. Akatupa macho darasani. Hakuna aliyecheka, kwa maana karibu wote hawakuwa wamegundua. Redio peke yake alikuwa ameinua uso, macho yamemtoka, na kusema hawezi.

Wifi akamaliza. Akasubiri.

Siku zote thelathini za mwezi Soma Tena alikuwa na neno moja tu mdomoni, na siku lilipohitajika halikutoka. "Vizuri," akasema. "Kaa."

Alirudi nyumbani akiwa na moyo mzito. Wifi alikuwa jikoni anaosha vyombo, simu imo kwenye mfuko wa aproni, waya unapanda hadi masikioni, midomo inacheza. Soma Tena alidhani anasikiliza nyimbo. Akamkaribia kwa nyuma, akaipata sauti ikichuruzika kutoka kwenye ule waya: sauti ya mwanamume, ya polepole, inasoma Kiingereza kuhusu kunawa mikono. Ilikuwa sauti ya mume wake.

Usiku ule hakusubiri hata mume avue viatu. "Umemrekodia dada yako kurasa zote kumi?"

"Nimemrekodia," mume akasema, bila hata aibu. "Na masomo ya jioni nilimrekodia majibu vilevile. Kuna ubaya gani? Abebwaye hujikaza, na dada anajikaza. Wewe mwenyewe si ndiye unayewakaririsha?"

"Mimi nawasomesha."

"Unawaimbisha. Nilipita chuoni siku moja, nikasikia. Tofauti yangu na yako ni kwamba mimi sina ubao."

Lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Akaingia chumbani, akafunga mlango kwa nguvu. Mume akaongea upande wa pili, taratibu, kama anayebembeleza mtoto: "Mke wangu, yule aliacha shule kwa ajili yangu. Wiki nne zimebaki. Mpe moja katika kumi, apite, aende wodini, atajifunza hukohuko. Ukimfelisha dada yangu, sijui nitamtazama vipi. Na sijui nitakutazama vipi wewe."

Akajaribu njia ya kati. Kesho yake akamwendea wifi jikoni na kitabu, akamwomba kwa upole wasome pamoja kidogo, wao wawili tu. Wifi alikitazama kile kitabu, akaitazama sufuria iliyokuwa motoni.

"Umeona nini darasani?"

"Wifi, ulisoma ukurasa wa nne. Tulikuwa wa tisa."

Wifi alipunguza moto. Shingo ilijaa, mishipa ikaonekana. "Na ukaniacha nimalize."

"Sikutaka kukuaibisha."

"Basi endelea kutokutaka. Chuoni nakuita Madamu, sawa, ndiyo taratibu. Hapa usinifanye mtoto. Toa kitabu chako kwenye mvuke, kitalowa."

Soma Tena angeweza kuishia hapo. Na nisikufiche, aliishia hapo kwa siku kadhaa. Alipanga kuchagua ukurasa wa nne wenyewe, ule wifi anaoujua hata usingizini, yaishe, nyumba ipumue. Tayari alikuwa ameshauandika kwenye karatasi ya kupeleka kwa naibu mkuu.

Lakini kila muhula mwalimu mmoja alizungukia hospitali kuwaona wanafunzi wa zamani wanaendeleaje, na zamu ikamwangukia yeye. Alifika wodi ya watoto saa ya dawa. Akamwona msichana aliyemfundisha mwaka uliopita, safi, mchangamfu, anasukuma toroli la dawa huku akitania na akina mama. Soma Tena alifurahi, kwa kweli alifurahi. Akasimama pembeni amtazame kazini.

Msichana akachukua chupa yenye kifuniko cha bluu. Akajaza kijiko. Mama mmoja akampakata mwanawe vizuri, akamshika kidevu, mtoto akafumbua mdomo. Na Soma Tena, aliyesimama hatua chache tu, akasoma maandishi mekundu kwenye chupa ile, si kwa kutaka, macho yake hayakuweza kuona herufi yakaziacha. Yalisema ni dawa ya kuoshea vidonda. Yalisema isinywewe.

"Acha!"

Wodi nzima iligeuka. Hakungoja kueleweka, aliruka, akapiga kile kijiko kikaanguka chini, dawa ikamwagika kwenye sakafu na kwenye gauni la yule mama. Mtoto akaangua kilio. Mama akataka kujua huyu ni mwendawazimu gani. Msichana alibaki ameshika chupa.

"Nisomee hapo," Soma Tena akamwambia, kwa sauti ya chini sasa.

Msichana akaitazama chupa. Akamtazama mwalimu wake. "Madamu, ya kikohozi ndiyo yenye kifuniko cha bluu. Siku zote ndiyo ya bluu."

Siku zote, mpaka juzi, stoo ilipoletewa chupa za kiwanda kingine. Msichana alikuwa amekariri vifuniko. Bluu kikohozi, nyeupe homa, kijani vidonda. Kama alivyokariri kumi za dhahabu, na kwa bidii ileile.

"Mwaka jana nilikupa alama ngapi?"

"Tisini, Madamu."

Soma Tena alikaa kwenye benchi la wodi. Hakulia. Alimwona yule mtoto akibembelezwa, mdomo wazi, meno mawili tu ya chini, na akawaza kwamba zile tisini alizigawa yeye kwa mkono wake. Kisha aliichukua ile chupa akaenda nayo hadi kwa muuguzi mkuu wa wodi, akasema yote, pamoja na lile la alama.

Akarudi chuoni moja kwa moja, akaichana karatasi ya ukurasa wa nne mbele ya naibu mkuu. Naibu alikuwa mtu mpole, anayependa mambo yaende.

"Mtihani nitautunga mwenyewe," Soma Tena akamwambia. "Ukurasa mpya. Hawajauona."

"Mwalimu! Unajua wangapi wataanguka?"

"Ndicho ninachotaka kujua."

"Na ndugu yako yumo."

"Najua nani yumo."

Darasani aliwatangazia siku hiyohiyo, akawaeleza na sababu, bila kumtaja msichana. Pakawaka. Mmoja akasema huo ni uonevu, mbona waliotangulia walipewa kumi. Mwingine akasema Madamu amepigana na mume anatumalizia sisi. Redio, ambaye sauti yake ilikuwa imerudi, akasema wote wagome. Wifi alikusanya vitabu vyake kengele ilipolia, akatembea peke yake hadi nyumbani.

Nyumba ikageuka ya mabubu. Mume alikula, akashukuru hewani, akaenda kulala kwenye kochi. Soma Tena aliosha vyombo mwenyewe na hakuna aliyemtania.

Siku ya tatu, jioni, mume akiwa bado kazini, wifi akaingia jikoni, akafunga mlango, akaweka na kiti nyuma yake. Mkononi alikuwa na boksi la sabuni, pakiti ya dawa ya maumivu na kikaratasi cha maelekezo kilichokuja na pasi. Akavimwaga mezani.

"Yule mtoto wa wodini," akasema. "Ana umri gani?"

"Mwaka hajafikisha."

Wifi alivuta pumzi. "Mdogo wangu nilimnywesha dawa akiwa na umri huo. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilikuwa namuuliza jirani chupa inasemaje, naye ananisomea." Akavuta kiti, akakaa. "Haya, nifundishe. Lakini mtu akigonga, tunapika."

Wakaanza. Na hapo ndipo Soma Tena alipojua kwamba miaka yote hakuwahi kumfundisha mtu kusoma. Alikuwa amesimamia kwaya. Wifi alisoma Kiswahili bila shida, herufi inasema jina lake na mambo yameisha. Kiingereza kilimtia hasira. "Hii herufi hapa inafanya nini kama haitamkwi?"

"Imekaa tu, wifi."

"Imekaa tu! Kama shemeji asiye na kazi." Akaipiga kidole. "Toka, pisha."

Walicheka mpaka wakashikilia meza. Dakika mbili baadaye wifi alikuwa amelitupa boksi la sabuni ukutani, machozi yanamtoka, anasema yeye ni bibi kizee wa kuchekwa, mdogo wake alikuwa na haki, bora angeachwa na sauti yake ya kwenye simu. Soma Tena akaliokota boksi. Hakumbembeleza, alijua angemkasirisha zaidi. Akaliweka mezani palepale.

Jioni baada ya jioni mlango ulifungwa. Neno likawa maneno, maneno yakawa mstari. Wifi alianza kusoma vitu bila kuombwa: bango la duka, onyo la nyaya za umeme kwenye nguzo, maandishi ya fulana ya mpita njia, akamsimamisha mwenye fulana kumuuliza kama anajua ameandikwa nini kifuani. Hajui. Wifi aliona fahari wiki nzima. Lakini Soma Tena, kwa siri, alikuwa anapiga hesabu za mwalimu, na hesabu zilikataa. Miezi mitatu mingine, angefika. Siku zilizobaki ni chache mno.

Mtihani ulifanyika katika chumba cha mikutano. Yeye na naibu mkuu upande mmoja wa meza, kiti kitupu upande wa pili, ukurasa mmoja katikati. Ulieleza habari za mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji: asipewe maji mpaka daktari aseme, apewe dawa gani, saa ngapi, na nini kifanyike akianza kutapika. Redio aliingia wa kwanza. Aliutazama ukurasa, akatoa macho, halafu kwa woga mdomo wake ukaanza wenyewe ukurasa wa kwanza wa kumi za dhahabu, kwa sauti nzuri kabisa. Naibu mkuu aliangalia ukurasa, akamwangalia kijana, akaangalia tena ukurasa. Akaanza kukunja mikono ya shati.

Waliingia mmoja mmoja. Wengine walisoma, kwa shida, wakafika. Wengi hawakufika.

Wifi alipoingia alisema, "Shikamoo Naibu. Madamu." Akakaa. Kidole kikaenda chini ya mstari.

Hakusoma kama siku ile ya ukurasa wa nne. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, jiwe moja, anasimama, anatafuta lingine. Mstari wa kwanza. Wa pili. Jasho likamtoka puani. Kwenye neno moja alirudi mara tatu, likakubali, na chini ya meza Soma Tena alikuwa amekunja ngumi mpaka kucha zinamuuma. Wa tano. Wa sita. Kwenye mstari wa dawa alikwama. Alijaribu mwanzo wa neno, akajaribu mwisho wake. Akatazama juu, na macho yao yakakutana, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika nyumba ile Soma Tena aliona wifi yake anamwomba kitu.

Alitazama pembeni. Ilimuuma kuliko kitu chochote alichowahi kufanya.

Wifi akauruka mstari wa dawa, akaendelea, akasoma nusu ya ule wa kutapika, muda ukaisha. Akaandika sentensi mbili, herufi zimenyooka: mgonjwa asipewe maji, na daktari aitwe. Zote mbili zilikuwa sahihi. Ya dawa haikuwepo. Akasimama, akashukuru, akatoka.

Naibu mkuu akafunga mlango. "Huyu amesoma kweli," akasema. "Nimemwona kwa macho yangu. Mpitishe. Kaacha mstari mmoja na nusu tu. Na ni wifi yako, mwalimu, hebu fikiria nyumbani kwako. Mimi sitasema kitu."

Soma Tena alikuwa ameshika kalamu. Alifikiria nyumbani kwake. Alifikiria kochi, na mume anayeshukuru hewani. Alifikiria mwanamke aliyeacha shule ili wengine wasome, aliyefika mstari wa sita kwa miguu yake mwenyewe, na akataka kumpitisha kwa moyo wake wote, nakuapia. Lakini mstari alioruka ndio uliosema dawa gani.

"Bado," akasema, akaandika bado.

Majina yalibandikwa alasiri kwenye ubao wa nje. Zaidi ya nusu ya darasa walianguka. Wengine walilia, wengine wakamtukana Soma Tena kwa jina lake la utani mbele yake, naye akapita katikati yao kichwa juu. Naibu mkuu alimwambia ajiandae, mkuu wa chuo atamhitaji Jumatatu, na huenda muhula ujao asiione tena ile stoo.

Nyumbani mume alikuwa ameshapata habari. Alimsubiri amesimama katikati ya sebule.

"Umemfukuza dada yangu."

"Sijam…"

"Umemfukuza! Mtu aliyenilea! Umemdhalilisha mbele ya watoto wa jana. Angepata kazi. Angekuwa wodini wiki ijayo. Wewe na kiburi chako cha ubao! Nilikuomba nini mimi? Jambo moja tu!"

Mlango wa chumba cha wageni ukafunguka. Wifi alikuwa amevaa gauni la safari, begi mkononi. Macho yalikuwa mekundu. Akaliweka begi chini.

"Usimfokee," akasema.

"Dada, niache. Huyu amezidi."

"Nimesema usimfokee. Nikuulize kitu. Ulijua kwamba Kiingereza sisomi?"

Mume akalitazama begi. "Dada… nilikuwa nakusaidia."

"Ulijua."

"Nilijua. Wote tulijua. Hatukutaka uone aibu."

Wifi alikubali kwa kichwa, taratibu, mara kadhaa. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini. "Ulipokuwa mdogo hukujua kufunga kamba za viatu. Nilikufungia. Kisha nikakuketisha mlangoni nikakufundisha, ukalia, ukanipiga teke, tukachelewa shule mara ngapi sijui. Ningeendelea kukufungia, leo ungekuwa unakwenda ofisini na tai yako, umeninyooshea mguu. Ungenishukuru?"

Mume alitazama viatu vyake.

"Mimi nimekunyooshea mguu mpaka nimeota mvi, mdogo wangu, nawe unafunga. Kwa mapenzi. Najua ni kwa mapenzi." Akafuta uso kwa kiganja. "Leo nimesoma mistari sita. Hakuna aliyeniimbia. Mistari sita, na ninajua inasema nini, na ninajua kipi sikukijua. Hilo hamkuwahi kunipa ninyi wote."

Mume alikaa kwenye mkono wa kochi, akainamisha kichwa, na mabega yakaanza kumcheza. Wifi alimwacha alie. Kisha akamgeukia Soma Tena, aliyekuwa bado amesimama mlangoni na mkoba begani.

"Na wewe usinitazame hivyo. Sijakusamehe. Nilikuomba kwa macho ukanigeuzia shingo."

"Najua, wifi."

"Nitakukumbusha hilo mpaka kaburini."

"Najua."

"Mwaka ujao naingia na kundi jipya, uwe unafundisha wewe au anafundisha mwingine." Akalisukuma begi kwa mguu, likarudi chumbani. "Ule mstari wa dawa. Njoo jikoni uniambie ulikuwa unasemaje."

Soma Tena, mwanamke asiyekosa neno, aliuachia mkoba ukaanguka. Akaanza kulia palepale mlangoni, kwa sauti, kama mtoto. Wifi akamwambia anyamaze, majirani watadhani ni yeye aliyefeli, akamshika mkono, wakaingia jikoni. Safari hii mlango waliuacha wazi.